Mapenzi Yaliyokatazwa na Hukumu ya Historia: Riwaya ya Jurji Zaydan Juu ya Abbasa

Jurji Zaydan (1861–1914), mzaliwa wa Beirut aliyehamia Misri na kuanzisha jarida la al-Hilal mjini Cairo mwaka 1892, aliandika riwaya zaidi ya 20 juu ya historia ya Waarabu na Uislamu. Mojawapo ni ile ya Abbasa, dada yake Khalifa Harun al-Rashid, iliyotolewa mwaka 1906. Tafsiri yake ya Kiingereza, kazi ya Issa J. Boullata, ilichapishwa mwaka 2012, na kwa hiyo wasiosoma Kiarabu nao wamepata nafasi ya kuipima. Wahakiki wengi wa riwaya za namna hii huanza na swali moja tu: je, mambo haya yalitokea? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo, likiulizwa peke yake, humficha msomaji jambo lililo kubwa zaidi, nalo ni hili: ni nani aliyekataza mapenzi hayo, na kwa haki gani?

Kisa chenyewe ni kifupi. Harun al-Rashid, aliyetawala tangu 786 hadi 809, anapenda mno kukaa na watu wawili: waziri wake Jaafar wa ukoo wa Barmaki, na dada yake Abbasa. Kwa kuwa Jaafar si maharimu wa Abbasa, hawawezi kukutana barazani. Khalifa anawaoza ili kikao chake kiwe halali, lakini anatia sharti kwamba ndoa hiyo iwe ya jina tu, wasiingiliane kama mume na mke. Wawili hao wanapendana, wanavunja sharti, na wanazaa. Siri inapofichuka, Jaafar anauawa, na Abbasa pia anaangamizwa.

La kwanza la kuzingatiwa ni namna ya katazo lenyewe. Katika visa mashuhuri vya mapenzi vya Ulaya ya Zama za Kati, kama kile cha Tristan na Isolde, mpenzi wa kike ni mke wa mtu mwingine. Hapo dini, sheria na mfalme husema kwa sauti moja, na wapenzi hawana pa kusimama isipokuwa juu ya nguvu ya mapenzi yao. Kwa Abbasa sivyo. Yeye ni mke wa Jaafar kwa nikahi, na utetezi wake katika riwaya umejengwa juu ya msingi huo. Nikahi imemhalalishia mumewe. Anayemharimishia ni ndugu yake aliyemwoza. Basi Zaydan ameyatenga mambo mawili ambayo watawala hupenda sana kuyachanganya: sheria, na matakwa ya mwenye nguvu. Mapenzi haya hayakukatazwa kwa kuwa ni dhambi. Yamefanywa dhambi kwa kuwa yamekatazwa.

Sababu ya katazo hilo ni nasaba. Jaafar ana mamlaka na mali, na Khalifa humwita ndugu. Hata hivyo yeye ni mawali, yaani mtu asiye Mwarabu ambaye wazee wake walisilimu na kuambatana na Waarabu. Wazee hao walikuwa walinzi wa hekalu la Kibudha huko Balkh. Abbasa ni wa damu ya Bani Hashim. Jaafar anafaa kuiendesha dola nzima, lakini hafai kuwa baba wa mtoto mmoja wa ukoo huo. Hapa ndipo riwaya inapogusa neno ambalo Waswahili wa pwani wanalijua vyema, nalo ni kufu. Hakuna haja ya kumfafanulia msomaji wa Lamu au Mombasa maana ya mume asiye kufu yake mwanamke. Neno lenyewe limo kinywani mwake, na mizani yake anaijua.

Sasa lije swali la historia. Zaydan mwenyewe ndiye aliyelialika. Katika dibaji ya riwaya yake juu ya al-Hajjaj ibn Yusuf (1902) alidai kwamba yeye huiacha historia iongoze hadithi, tofauti na waandishi wa Ulaya ambao huifanya historia kuwa mtumishi wa hadithi. Dai hilo linapimwa hapa kwa kipimo kigumu. Kwamba Jaafar aliuawa kwa amri ya Harun mwaka 803, sawa na 187 Hijria, na mwili wake kutundikwa kwenye madaraja ya Baghdad, hapana anayelikana. Sababu ndiyo yenye mgogoro. Al-Tabari ameitaja habari ya ndoa pamoja na habari nyingine. Al-Mas'udi naye ameisimulia kwa urefu, na kwake Abbasa ndiye anayemwendea Jaafar kwa hila, kwa msaada wa mama yake Jaafar, naye Jaafar akiwa amelewa. Zaydan ameitupa hila hiyo. Kwake mapenzi ni ya pande zote mbili, na hiari vile vile.

Mpinzani mkubwa wa kisa hiki ni Ibn Khaldun. Katika Muqaddima, aliyoiandika mwaka 1377, anasema kwamba Wabarmaki waliangushwa kwa sababu waliishika dola na kodi zake mikononi mwao, hata Khalifa akawa kama mgeni katika hazina yake. Hoja hii ni nzito, na wanahistoria wengi wa leo wanaelekea upande huo. Lakini Ibn Khaldun ana hoja nyingine iliyotangulia: kwamba haiwezekani mwanamke wa nasaba ya Abbasa, aliye karibu hivyo na zama za Mtume, aichafue heshima yake kwa mawali wa Kiajemi.

Hoja hii ya pili yafaa itazamwe kwa makini, maana si ushahidi. Ibn Khaldun haonyeshi kwamba Abbasa hakupenda. Anasema kwamba hakupasa kupenda, kisha kutokana na hakupasa anatoa hakupenda. Na sababu anayoitoa ndiyo ile ile iliyo moyoni mwa Harun katika riwaya. Khalifa alimwua Jaafar kwa ajili ya nasaba. Mwanahistoria, zaidi ya miaka mia tano baadaye, anayafuta mapenzi yenyewe kwa ajili ya nasaba. Kwa hiyo mhakiki anayeikataa riwaya kwa kutegemea hoja hiyo hajasimama nje ya kisa akihukumu. Amesimama ndani yake, upande wa mwenye upanga.

Ugonjwa huu si wa Waarabu peke yao. Walter Scott, ambaye Zaydan hulinganishwa naye mara kwa mara, alipotoa Ivanhoe mwishoni mwa mwaka 1819 alimwoza shujaa wake Rowena, Msaksoni wa ukoo mkubwa, akamwacha Rebecca, binti Myahudi, aondoke Uingereza na baba yake kwenda Hispania. Wasomaji walilalamika. Katika utangulizi wa mwaka 1830 Scott aliwajibu kwamba chuki za zama zile zingeizuia ndoa kama hiyo. Jibu hili lina ukweli, lakini halitoshi. Chuki za zama huweza kuizuia ndoa. Haziwezi kuuzuia moyo, na riwaya ni mahali pa moyo. Zaydan, aliye fundi mdogo kuliko Scott, ameonyesha ushujaa zaidi katika jambo hili: ameziacha chuki za zama zifanye kazi yake hadi mwisho, lakini hakukubali kusema kwa ulimi wao.

Tena wasomaji wake wa kwanza hawakuwa wakisoma habari za Baghdad tu. Mwaka 1904 Sheikh Ali Yusuf, mhariri wa gazeti la al-Mu'ayyad na mtu mwenye sauti kubwa mjini Cairo, alimwoa Safiyya, binti wa Sheikh al-Sadat. Baba alishtaki, na mahakama ya sharia ikaibatilisha ndoa kwa kuwa mume hakuwa kufu. Mji mzima ulilizungumza jambo hilo. Miaka miwili baadaye, riwaya ya mwanamke mtukufu aliyeolewa na mtu mwenye cheo bila ukoo haikuweza kusomwa kama kisa cha kale.

Pamoja na hayo, dosari za riwaya si chache. Kitabu kinapoanza, Abbasa na Jaafar wamekwisha oana na kuzaa. Msomaji hayaoni mapenzi yao yakizaliwa, anaambiwa tu kwamba yapo. Msuko unategemea mno siri zinazosikika kwa bahati na wapelelezi wanaotokea kwa wakati unaomfaa mwandishi. Jaafar amechorwa mwema kupita kiasi, hata tamaa ya madaraka ya Wabarmaki, ambayo ndiyo ingempa Harun hofu ya kueleweka, imepungua uzito. Watoto ni vyombo vya kuufikisha msiba kuliko kuwa watu. Abbasa peke yake ndiye anayepata uhai kamili, na anaupata pale anapojitetea.

Msomaji wa Alfu Lela Ulela amezoea kumwona Harun akizunguka Baghdad usiku kwa kujigeuza, Jaafar upande mmoja na Masrur mwenye upanga upande wa pili. Ni watatu wasioachana. Masrur huyo ndiye aliyetumwa kukileta kichwa cha Jaafar. Hadithi za usiku zimeuficha upanga katika urafiki. Wanahistoria wameufafanua kwa hesabu za hazina. Zaydan ameuliza ulimkata nani mwingine. Huenda Abbasa wa Zaydan hakuwahi kuwako. Lakini katazo lililomwua liliwako kweli, na Ibn Khaldun, bila kukusudia, ni shahidi wake.