Zima Sauti, Tazama Miguu

Tinga Tinga Tales ilipotoka 2010, Nairobi tulishangilia jambo moja: ilitengenezwa hapa hapa na vijana wa Homeboyz. Vipindi 52, michoro ya mtindo wa Tingatinga kutoka Dar es Salaam, nyimbo za Eric Wainaina. Majuzi nimeirudia nikiwa nimezima sauti. Najifunza kutembeza mhusika kwenye kompyuta, nimekwama, na sasa naitazama kwa wivu wa fundi.

Mwendo unaofundishwa kwanza ni huu: fremu 24 kwa sekunde, 12 kwa kila hatua. Kisigino kinagusa, mwili unashuka, miguu inapishana, mwili unainuka. Rudia. Wangu ulikuwa sawa kabisa, na haukuwa wa mtu yeyote.

Wanyama wa Tinga Tinga ni bapa kama mchoro wenyewe, na viungo vyao ni vichache kuliko vya mhusika wangu. Bado hunichanganyi nani ni nani. Kinachofanya kazi ni uzito na muda: mzito anakawia chini, mwepesi anakawia hewani. Hata kile kipindi cha kwa nini Nyoka hana miguu kina ujasiri wake, maana lazima uiamini miguu ambayo unajua itapotea.

Lakini washa sauti tena. Ucheshi mwingi umo mdomoni. Mnyama akianza kuongea, mwili unapumzika, sauti inabeba kila kitu. Hapo ndipo naona waliniacha njaa.

Kwa sababu mtaani mwili haupumziki. Simama steji ya Mountain View, Waiyaki Way, saa kumi na mbili asubuhi. Makanga anaruka kabla matatu haijasimama: kifua kimefika, miguu bado inapiga breki. Halafu soja wa usiku anarudi Kangemi na koti lake zito. Mkono mmoja unapunga, mwingine umetulia kabisa. Ameshikilia tochi ambayo ameizima kitambo.

Nilienda nyumbani nikafuta mpungo wa mkono mmoja, nikaongeza fremu 4 kwa kila hatua. Dadangu akapita nyuma yangu.

“Huyo si soja wa ploti yetu?”

Mhusika hakuwa hata na uso. Sawa, Tinga Tinga ina wanyama tu, labda naionea. Lakini hata fisi hurudi nyumbani asubuhi akiwa amechoka.