Barafu Kwanza, Mkaa Baadaye: Samaki wa Kupaka Alivyopikwa

Samaki wa kupaka ana mahitaji mawili yanayopingana. Nyama yake inataka moto wa wastani na muda mfupi, ilhali tui linalopakwa juu linataka moto mkali ili likauke, likamate ngozi na kupata rangi. Ndiyo maana kwenye migahawa mingi ya Dar es Salaam chakula hiki hufika mezani kikiwa kimeharibika upande mmoja. Ama samaki amekauka hadi anachambuka nyuzinyuzi, ama ni samaki wa kuchemsha aliyemwagiwa mchuzi mweupe. Kwenye mgahawa mpya uliofunguliwa upande wa Msasani, changu niliyeletewa alikuwa na utando wa tui ulioshikana na ngozi, umebabuka kahawia kwenye kingo, na nyama iliyo karibu na mfupa ilikuwa bado na maji yake. Nataka kueleza jambo hilo lilifanywaje, kwa kuwa halikutokana na bahati wala na viungo vya siri. Sehemu kubwa ya kazi ilikwisha kabla mkaa haujashika moto.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye barafu. Samaki wanaoshushwa kwenye soko la samaki la Feri alfajiri wametoka kwenye maji yenye joto la nyuzi 25 hadi 30, na samaki aliyekufa katika joto hilo huanza kuharibika saa ileile. Kwa hesabu ya fizikia, kumpoza samaki wa kilo moja kutoka nyuzi 30 hadi sifuri kunahitaji theluthi moja tu ya kilo ya barafu, maana barafu inapoyeyuka hunyonya joto jingi mno, kilojuli 334 kwa kila kilo. Lakini hesabu hiyo haijui jua la saa nne asubuhi, wala foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Hewa ya nje nayo inaila barafu. Kwa hiyo kanuni inayofuatwa katika nchi za joto ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na safari ikirefuka barafu huongezwa.

Migahawa mingi huwalaza samaki juu ya barafu, taa ikiwamulika, ili mteja avutiwe. Ubavu wa chini unakuwa kwenye nyuzi sifuri, na ubavu wa juu unapanda taratibu kufuata joto la ukumbi. Hapa wamefukiwa. Mteja akitaka kumwona samaki wake, mhudumu anamfukua, anamwonyesha na kumpima, kisha anamfukia tena mpaka jiko litakapomhitaji. Tumbo limekwishapasuliwa, limesafishwa na kujazwa barafu iliyopondwa. Chini ya sanduku kuna tundu la kutolea maji, na tundu hilo lina maana kubwa kuliko taa zote za ukumbini. Maji ya barafu iliyoyeyuka yana damu na bakteria, na samaki anayelala ndani yake huchujuka ladha huku akizidi kuchafuka. Changu niliyemchagua alikuwa na macho yaliyojaa, matamvua mekundu, na nyama iliyorudi mahali pake kidole kilipoiachia.

Niliangalia pia uti wa mgongo. Samaki aliyepigwa baruti hujulikana akifunguliwa, kwa kuwa mbavu huachana na nyama na damu huvia kando ya mfupa. Sheria imekataza uvuvi huo, na bado wanunuzi wazoefu pale Feri hawachoki kufungua na kutazama. Huyu alikuwa safi.

Kwa nguru, jodari na vibua, barafu ni suala la afya. Nyama yao ina wingi wa histidini, na wakikaa kwenye joto bakteria huibadilisha kuwa histamini. Mlaji uso unamwiva, mdomo unamwasha, kichwa kinamgonga, na moyo unamwenda mbio. Histamini ikishajengeka, moto hauiondoi, hata samaki akaangwe hadi awe mkaa. Mtu anayeagiza jodari ana haki ya kuuliza amehifadhiwaje tangu alipovuliwa, na jiko linalojiheshimu litamjibu bila kununa. Hapa walijibu.

Kuna imani kwamba samaki mzuri lazima awe wa leo. Siikubali moja kwa moja. Bakteria wanaoishi kwenye samaki wa bahari yetu wamezoea joto, na baridi ya ghafla huwadumaza kuliko inavyowadumaza wale wa bahari za kaskazini ya mbali. Changu aliyetiwa barafu ndani ya chombo, mara tu alipotolewa majini, anaweza kukaa zaidi ya wiki mbili kabla hajafikia hatua ya kutolika, na siku zake za mwanzo ladha haijapungua kitu. Ningemchagua huyo wa juzi aliyepata barafu baharini kuliko wa leo aliyeanikwa juani hadi adhuhuri.

Sasa tuingie jikoni. Mpishi mkuu ni mama mtu mzima, mzaliwa wa Tanga, na baada ya kumwamkia aliniruhusu kusimama karibu na jiko la mkaa, mradi nisimzibie njia. Samaki alichanjwa mara tatu kila upande, kwenye mnofu mnene tu, mkiani hakuguswa. Akapakwa chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na ndimu kidogo. Ndimu ina kazi mahususi. Harufu kali ya samaki hutokana zaidi na trimetilamini, na asidi huifunga isiruke hewani ikamfikia mlaji puani. Lakini asidi hiyohiyo hugandisha protini kama moto ufanyavyo, na samaki akiachwa kwenye ndimu saa nzima nyama ya juu inakuwa nyeupe na kavu kabla haijaonja joto. Mama yule hamwachi hata robo saa.

Kisha akafanya jambo ambalo wapishi wengi hulipuuza. Alimfuta samaki kwa kitambaa safi hadi ngozi ikawa kavu kabisa. Maji huchemka kwa nyuzi 100, na ngozi iliyolowa haiwezi kupita joto hilo mpaka maji yote yageuke mvuke. Rangi ya kahawia na ladha ya kuchomwa huanza kupatikana vizuri karibu na nyuzi 140. Samaki aliyelowa basi anatokoswa juu ya mkaa kwa dakika kadhaa, nyama inaiva huku ngozi ingali mbichi, na ngozi ikija kushika rangi nyama imekwishapitiliza. Ngozi kavu, kibaniko kilichopata moto na mafuta, hapo samaki anageuzwa bila kuacha nusu ya ubavu wake kwenye vyuma.

Mkaa ulikuwa umerundikwa upande mmoja wa jiko. Changu alianzia upande usio na mkaa, joto likimjia kwa pembeni. Nyama ya samaki haihitaji muda mrefu kama ya mbuzi, kwani tishu zake za kuunganisha misuli ni chache na huyeyuka mapema. Protini zake huanza kuganda kati ya nyuzi 40 na 50, ndipo nyama inapoacha kuwa ya kioo ikawa nyeupe. Ikikaribia 60 na kuendelea, nyuzi hujikamua na kutoa maji, na maji yakishatoka hayarudi. Nafasi ya kupatia ni ndogo mno. Kumweka samaki upande wa baridi wa jiko kunaipanua nafasi hiyo, maana joto la ndani linapanda polepole na mpishi anapata muda wa kuamua.

Tui lilikuwa limeandaliwa mapema kwenye sufuria nyingine. Nazi ilikunwa palepale na ikakamuliwa mara moja tu kwa maji kidogo, tui zito pekee. La pili lilipelekwa kwenye wali. Tui ni matone ya mafuta yaliyosambaa kwenye maji, huku protini zinazoyazunguka zikiyazuia yasiungane. Joto likipita nyuzi 80 protini hizo huanza kugandamana na kuyaachia mafuta, na ukwaju unaharakisha. Kwenye mchuzi tunasema tui limekatika, na ni aibu ya mpishi. Kwenye kupaka, mpishi anataka likatike kidogo, kwa kipimo. Alilichemsha kwa moto mdogo pamoja na saumu, tangawizi, bizari na pilipili, akikoroga, hadi likawa zito la kung'ang'ania mwiko na mafuta yakaanza kuchungulia pembeni. Hapo ndipo alipotia ukwaju. Angeutia mwanzoni, tui lingekatika kabla maji yake hayajapungua, akabaki na machicha yanayoelea ndani ya mafuta.

Samaki alipokaribia kuiva, na si kabla, alisogezwa juu ya mkaa na kupakwa utando mwembamba sana. Ukakauka. Akageuzwa, akapakwa tena. Kila utando ulipewa nafasi ya kukauka kabla ya mwingine, na matone yaliyoangukia mkaa yalirudi juu yakiwa moshi wenye harufu ya nazi iliyoungua. Kosa la majiko mengi liko hapa. Wanamwaga tui lote kwa mara moja, maji yaliyomo ndani yake yanageuka mvuke chini ya utando, ngozi inachubuka, na utando unateleza wote hadi kwenye sahani. Utando mwembamba hauna maji ya kutosha kufanya uharibifu huo. Sukari na protini za nazi zinapata joto linalotakiwa, zinabadilika rangi na kushikana na ngozi kama rangi ya pili inavyoshika juu ya ya kwanza iliyokwisha kukauka.

Pweza alipikwa kwa mantiki iliyo kinyume kabisa. Misuli yake ina kolajeni nyingi kuliko ya samaki, na joto fupi humfanya awe mpira. Pwani tumezoea kumpiga mwambani ili kuvunja nyuzi zake. Jiko hili linamgandisha kwanza, chembe za barafu zikifanya kazi ileile ndani ya misuli, kisha linampika kwa moto wa chini usiotokota, kwa karibu saa nzima, bila kuongeza maji, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili wake ni maji na atayatoa mwenyewe. Maji hayo ya zambarau hayamwagwi. Yanachujwa na kuletwa kwenye kikombe kidogo, yakiwa na ndimu na pilipili manga, kama supu ya pweza inayouzwa jioni kwenye vibaraza vya jiji zima. Mkono wa pweza unapitishwa juu ya mkaa mwishoni tu, kwa ajili ya rangi. Ulikatika kwa uma bila kulegea. Sina la kuongeza.

Nilifurahi zaidi kujua kwamba hawanunui pweza aliye chini ya kilo moja. Pweza wa miamba yetu, Octopus cyanea, haishi hata miaka miwili na jike hufa baada ya kutunza mayai yake, lakini hukua kwa kasi ya kushangaza. Akiachwa miezi michache tu uzito wake huongezeka mara kadhaa. Hiyo ndiyo hesabu iliyowafanya wavuvi wa Andavadoaka, Madagaska, wafunge sehemu ya miamba yao kwa muda mwaka 2004, na jamii za Pemba, Kisiwa Panza mojawapo, zikachukua njia hiyo. Wanaochokoa pweza maji ya bamvu yanapotoka, wengi wao wakiwa kina mama, hulipwa kwa uzito. Mgahawa unaokataa pweza mdogo unawasaidia kusubiri.

Wali wa nazi ulikuwa mzuri, kachumbari ya kawaida.

Kamba ndio walionivunja moyo. Walikuja na vichwa vyao, wekundu, wamepinda vizuri bila kujikunja duara, ishara kwamba hawakupikwa kupita kiasi. Lakini nyama ya karibu na kichwa ilikuwa imelainika kama uji, ikisambaratika ulimini, ilhali ya mkiani ilikuwa ngumu na tamu. Mpishi hana lawama kwa hilo. Ndani ya kichwa cha kamba kuna tezi ya kumeng'enyea chakula, na kamba akishakufa vimeng'enya vyake huvuja na kuanza kuila nyama iliyo jirani. Barafu hupunguza kasi yake bila kuisimamisha. Kamba hawa wanatoka delta ya Rufiji, kwenye mikoko, mikononi mwa wavuvi wadogo. Meli za kukokota nyavu zilisimamishwa mwaka 2007 baada ya kamba kupungua. Kutoka kwenye mtumbwi hadi kituo cha kununulia, kisha barabarani hadi mjini, muda unaopita ni mrefu, na wakati wote huo kichwa kimebaki mahali pake.

Nilipoliuliza jiko, nikaambiwa wateja wanataka kamba mzima kwa sababu anapendeza kwenye sahani. Wateja wana haki yao, ila jiko lililokataa kumlaza changu kwenye maonyesho ili kulinda ladha yake lina uwezo wa kukataa na hili pia. Vichwa vikatwe kulekule Rufiji, na walipe kidogo zaidi kwa kazi hiyo, kisha vichemshwe hapohapo kutengeneza supu kwa wanaoipenda. Ikishindikana, basi kamba wasiandikwe kwenye ubao siku ambazo gari limechelewa. Ubao wenyewe huandikwa upya kila asubuhi kwa chaki, na siku niliyokuwepo nguru alikuwa amefutwa kwa sababu waliyemkuta Feri hakuwa na barafu.