Hadithi kwa Kipimo

Usiku wa tarehe 17 Septemba 1940, nyambizi ya Kijerumani iliipiga topido meli ya City of Benares katika Atlantiki. Meli hiyo ilikuwa imebeba watoto 90 waliokuwa wakihamishiwa Canada kuepushwa na mabomu yaliyoanguka Uingereza, na 77 kati yao walikufa. Usiku huo hata mwandishi wa kawaida anaumudu, maana giza na mawimbi humsaidia. Ufundi hupimwa kwenye mashua yake ya kuokolea namba 12, iliyoelea siku 8 na watu 46, wavulana 6 wakiwamo. Utasimulia nini siku ya tano, wakati bahari ni ileile na biskuti ngumu ni ileile?

Ndani ya mashua alikuwamo mtu aliyelijibu swali hilo kabla ya mwandishi yeyote. Mary Cornish, mwalimu wa piano na mwanamke pekee mle, aliwachua wavulana miguu iliyokufa ganzi, kisha akawasimulia visa vya Bulldog Drummond, shujaa wa vitabu vya kusisimua. Vile alivyovisoma havikutosha, kwa hiyo vingine akavibuni palepale. Alitoa hadithi kama maji yalivyotolewa, kidogo kidogo: shujaa akishatiwa mtegoni, basi, mengine kesho. Msimulizi mwoga angeimwaga yote siku ya kwanza ili apendwe. Yeye aliwapa watoto sababu ya kuingoja kesho, naye mwenyewe alikuwa na kiu kama wao.

Elspeth Huxley, aliyekulia Thika, aliandika kisa cha Cornish vita vikiwa bado vinaendelea. Miongo mingi baadaye, mwaka 2018, Susan Hood alitoa riwaya yake, Lifeboat 12, kwa mashairi huru, akimpa usimulizi Ken Sparks, mmoja wa wale wavulana. Kwetu tuliolelewa na tenzi, kisa kirefu kusimuliwa kishairi si kioja. Ninachokipenda ni mshororo mfupi: msomaji hupewa maneno machache, halafu nafasi tupu, na hawezi kuharakisha. Nathari ingeshawishika kueleza kiu. Shairi linaweza kukunyima.

Msomaji anajua kwamba ndege itawaona na manowari itawachukua, kwa hiyo mwandishi hana cha kumficha. Kinachobaki mkononi mwake ni muda, na muda haughushiki kwa dhoruba za kubuni.

Hata hivyo, zaidi ya nusu ya waliokuwa katika mashua hiyo walikuwa mabaharia wa Kihindi, nao katika masimulizi mengi ya awali ni umati tu, hawana majina. Nangoja riwaya itakayokaa upande wao, karibu na vishikio vile walivyovisukuma na kuvivuta ili kuzungusha rafadha, na iwape nao mtu wa kusimulia, kwa lugha yao, mpaka siku ya nane.