Handaki Lisilo na Utenzi

Tangu Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, tenzi zetu za vita zimetuzoeza panga, farasi na mashujaa wenye majina. Hata Shaaban Robert, katika Utenzi wa Vita vya Uhuru, anavitazama vita vya 1939 hadi 1945 kama mtu aliye juu ya mnara: mataifa na majemadari hupita mbele yetu kwa beti 3,000. Ni kazi kubwa, wala siipunguzii hadhi. Lakini aliyelala shimoni tunamwona kwa mbali mno.

Mtunzi wa namna hiyo angepata taabu na vita vya 1914 hadi 1918 vya mpakani, pale ambapo leo ni Tunduma na Mbozi, mkoani Songwe. Wajerumani walishika upande huu. Waingereza walikuwa Fife na Abercorn, ambayo sasa ni Mbala. Hadi Jenerali Northey aliposonga mbele Mei 1916, pande zote mbili zilichimba, zikavizia, zikangoja. Kule Saisi, mwaka 1915, waliozingirwa walisubiri giza ndipo wakateke maji mtoni. Nasi watu wa pwani baridi ile tuiulize kwa wenyewe: nyanda hizo zapita mita 1,500 juu ya bahari, na usiku wa Juni vichomi humwahi mtu kabla ya risasi. Ongeza funza, homa na kuhara damu.

Halafu chakula. Reli haikufika huko. Unga ulikwenda kichwani mwa mpagazi, tengatenga. Mzigo wake ulikuwa kama kilo 25, naye alihitaji karibu kilo moja ya unga kwa siku. Safari ikizidi wiki tatu, amekwisha kula alichotumwa kukipeleka. Hesabu hii yanihuzunisha kuliko beti nyingi za mapanga. Upande wa Uingereza peke yake, wapagazi waliokufa hukadiriwa kufika 95,000. Jina lao limebaki Kariakoo, sokoni. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inashika bunduki, haina mzigo.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, amemwingia moyoni askari wa Wajerumani katika riwaya yake Afterlives (2020), lakini kwa Kiingereza na kwa nathari. Je, utenzi unaweza kubeba kungoja na njaa? Naona unaweza, tena vizuri. Mizani minane ni mwendo wa miguu iliyochoka, na kile kina cha mwisho kinachorudi ubeti baada ya ubeti, ambacho katika tenzi dhaifu hutuchosha, hapa kingekuwa siku zisizobadilika.

Mwanzoni mwa Novemba 1918 von Lettow-Vorbeck alipita Mbozi kwenda Fife. Vita vilikoma Ulaya tarehe 11; yeye aliweka silaha chini Abercorn tarehe 25. Kati ya tarehe hizo wapagazi walikuwa bado njiani na mizigo yao. Mtunzi kijana angeanzia hapo.