Urari Ndani ya Kasha: Uhakiki wa Kompyuta ya Kwanza ya Gemu

Orodha ya vipuri anayoiandika kijana wa Tabata kabla ya kupanda daladala kwenda Kariakoo ni matini yenye muundo wake, na inastahili kusomwa kwa utulivu. Tuchukue mojawapo: Dell OptiPlex 7050 ya mtumba, umbo la mnara, prosesa ya Core i5-7500, RAM ya GB 16, na kadi ya picha ya GTX 1650.

Msingi wa matini hii ni pawa saplai ya wati 240. Prosesa imepangiwa wati 65 na kadi wati 75. Jumla ni 140, na zinazobaki zinatosha diski, feni na RAM kwa nafasi. GTX 1650, iliyotoka mwaka 2019, ina matoleo yanayovuta umeme wote kupitia sloti ya madabodi, na ndiyo pekee yanayofaa hapa, kwa kuwa kasha hili la kiofisi halikuandaliwa waya wa ziada wa kadi. Kikomo kinafanya kazi ya mizani katika shairi: kinamnyima mtunzi wingi wa maneno, lakini kinamlazimisha kuteua. Sifa hii naiita umbo-mpaka.

Uteuzi huohuo unaonekana kwenye RAM. Vijiti viwili vya GB 8 vina ujazo sawa na kimoja cha GB 16, ila viwili hufungua njia mbili za data, biti 128 badala ya 64. Ni takriri yenye kazi, wala si pambo. Prosesa nayo ina viini vinne tu, hivyo kadi kubwa zaidi ingekaa ikiisubiri. GTA V, iliyofika kwenye kompyuta mwaka 2015, inaenea vizuri katika urari huu. Gemu mpya zenye miji mikubwa hufichua uchache wa viini na wa GB 4 za kumbukumbu ya kadi.

Udhaifu wa matini ni kufungika kwake. Pawa saplai hutumia plagi za Dell yenyewe, si ile ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo ukaiunguza, mbadala haupatikani kila duka. Windows 11 haiitambui rasmi prosesa hii, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa kulinganisha, prosesa ya Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022, yenye viini sita kwa wati zilezile 65, hukaa kwenye madabodi ya AM4 na pawa saplai ya kawaida: utunzi wazi zaidi, kwa gharama kubwa zaidi.

Kwa mwenye bajeti finyu, OptiPlex ni utunzi uliokamilika. Sharti ni moja: mwombe muuzaji afungue kasha, usome lebo ya pawa saplai kabla hujauliza bei ya kadi.