Je, Ngeli Zaweza Kuthibitisha Kuwa Mungu Yupo? Uhakiki wa Hoja ya Alexis Kagame

Wanyarwanda husema: "Imana yirirwa ahandi igataha i Rwanda", yaani Mungu hushinda kwingine, akarudi kulala Rwanda. Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, methali hii ni nzito kutamka. Kwetu, kuuliza kama Mungu yupo si zoezi la darasani tu. Ndiyo maana inafaa tumrudie Padri Alexis Kagame (1912–1981), mwanafalsafa wetu aliyelikabili suala hili kwa njia ya sarufi.

Katika tasnifu yake iliyochapishwa mwaka 1956, La philosophie bantu-rwandaise de l'Être, Kagame alizichukua kategoria kumi za Aristotle akazipanga katika mafungu manne yenye shina -ntu: umuntu (chenye akili), ikintu (kisicho na akili), ahantu (mahali na wakati) na ukuntu (namna). Imana hakumtia katika fungu lolote. Kwa maoni yake, vyenye -ntu vimepewa kuwapo, na anayevipa hawezi kuwa mmoja wao. Huyo ndiye Iyambere, Aliyetangulia.

Sifa ya kazi hii ni kwamba ilionyesha wazi kuwa hoja ya chanzo cha kwanza, tunayoijua kwa Aristotle na Thomas Aquinas, yaweza kujengwa kwa maneno ya Kinyarwanda. Udhaifu wake ni kuifanya sarufi ishuhudie jambo isilolijua. Mwaka 1958 Mjerumani Janheinz Jahn, katika kitabu chake Muntu, aliyatumia mafungu hayohayo, lakini yeye akamweka Mungu ndani ya fungu la muntu. Maneno ni yaleyale, majibu ni mawili! Hata methali yetu hapo juu inampa Imana mahali pa kushinda na pa kulala.

Tuijaribu hoja hii kwa Kiswahili. Tunayo mtu na kitu, lakini mahali na namna ni maneno ya mkopo. Je, Waswahili walipoteza dhana ya mahali? La hasha, upatanisho wa pa-, ku- na mu- upo hadi leo. Aidha, Mungu na miungu hufuata umbo la mti na miti, ilhali tunasema "Mungu anajua" kama tusemavyo "mtu anajua". Katika Kinyarwanda, Imana huchukua upatanisho uleule wa inka, na hakuna anayedai kwamba Imana ni ng'ombe.

Kwa hiyo ngeli hutuonyesha jinsi wasemaji walivyopanga mambo, si kwamba mambo hayo yapo. Hoja ya chanzo cha kwanza itasimama au kuanguka kwa mantiki yake yenyewe. Tahadhari kama hiyo aliionyesha padri mwingine, Georges Lemaître wa Ubelgiji, ambaye mwaka 1931 alipendekeza kuwa ulimwengu ulitokana na atomu moja ya awali. Papa Pius XII alipoihusisha sayansi hiyo na uumbaji mwaka 1951, Lemaître hakupendezwa. Alikuwa muumini, lakini hakutaka fizikia ibebe mzigo wa imani.

Nasi walimu wa lugha tusiibebeshe sarufi mzigo huo. Mwanafunzi anayeuliza Imana alilala wapi mwaka 1994 hajibiwi kwa jedwali la ngeli.