Betri Ilivyoishinda Transfoma, Mbesa

Chipu ya kwanza ya amplifaya yangu iliungua kabla haijapiga hata wimbo mmoja. Ilikuwa TDA2030, nikailisha kwa transfoma ya 12-0-12 niliyoing'oa kwenye redio mbovu. Hesabu ilikaa vizuri: 12 mara 1.41, toa volti moja ya daiodi, zinabaki 16 kila upande, na chipu huvumilia 18. Kosa langu lilikuwa kuiamini namba iliyoandikwa ubavuni. Hizo volti 12 ni za transfoma iliyobeba mzigo wake wote. Spika ikinyamaza, transfoma ndogo hupanda hadi 14, na kwenye kapasita unapima karibu 19. Umeme wa ukutani nao ukitoka 230 ukafika 250, huna pa kujificha.

Transfoma ya 9-0-9 ingenusuru chipu. Lakini hapo lazima ununue kapasita za maana: kwa ampea 1, ya mikrofaradi 1000 haiwezi kushikilia volti hadi wimbi lijalo, na mvumo utausikia hadi barazani. Ya 4700 hupoteza kama volti 2 tu.

Halafu umeme unakatika. Mkoa wetu wa Ruvuma ulitegemea sana majenereta ya dizeli hadi laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilipofika Songea mwaka 2018, na nyumbani kwetu Mbesa betri ya sola ilitangulia nguzo. Nikaacha kuuliza transfoma ipi, nikauliza betri hii ya volti 12 inaweza nini.

Inaweza mengi, ukibadili chipu. TDA7377 ya redio za gari huendesha spika kutoka ncha zote mbili: moja ikipanda, nyingine inashuka. Spika inapata kilele cha volti 10 badala ya 5, na volti zikiongezeka mara mbili, wati huongezeka mara nne. Kwa spika ya omu 4 ni wati 12.5. TDA2030 kwa volti 14 kila upande hutoa 14, sikio halitofautishi. Tena paneli ikichaji hadi volti 14.4 chipu haishtuki, maana imeundwa kufanya kazi hadi 18. Mvumo wa transfoma haupo kabisa.

Fyuzi ya ampea 5 niliifunga sentimita chache kutoka ncha chanya ya betri, kwani nyaya zikigusana bila fyuzi, betri ina ampea za kutosha kuchoma nyumba.